Lenzi ya Fremu Nusu na Kamera Uliyo Nayo

Lenzi ilikuwa ndogo kiasi cha kufichika kiganjani, chuma kitupu, imeandikwa F.Zuiko 38mm, tundu la mwanga 1.8. Aliyeniuzia, pale Busia upande wa Kenya, aliniapia kwamba inaingia kwenye Canon, kinachotakiwa ni adapta tu. Nikavuka kurudi Uganda, nikapanda taksi ya kuelekea Majanji, nikashuka Lumino na furaha yangu. Hiyo adapta niliitafuta wiki tatu. Ya kufanya kazi ya maana haipo, na naeleza kwa nini, kwa sababu juzi nimemkuta kijana mwingine akikaribia kutoa pesa kwa maneno yaleyale.

Lenzi hiyo ni ya ukoo wa Olympus Pen. Mjapani Yoshihisa Maitani alibuni Pen ya kwanza, iliyotoka mwaka 1959, akilenga kamera ya kuuzwa yeni 6,000. Filamu ilikuwa ghali, hivyo fremu ikakatwa katikati: badala ya milimita 24 kwa 36, picha ikawa 18 kwa 24, na filamu ya picha 36 ikatoa 72. Mwaka 1963 ikaja Pen F, ambayo lenzi zake zinabadilishwa. Kioo chake cha ndani hakiruki juu kama cha Canon. Kinafunguka kando kama mlango. Fremu ndogo na kioo cha namna hiyo vikaruhusu lenzi ikae karibu mno na filamu, milimita 28.95 tu.

Umbali huo ndio unaoamua kila kitu. Kamera ina mdomo ambapo lenzi inakaa, na kutoka mdomoni hadi kwenye sensa kuna kipimo ambacho kiwanda hakibadilishi. Canon yenye kioo, zile za 600D na 1300D tunazobeba wengi wetu, ni milimita 44. Nikon yenye kioo ni 46.5. Ili lenzi ya Pen F ione mbali ikiwa kwenye Canon, ingebidi izame milimita 15 ndani ya kamera, palepale kioo kinapopanda na kushuka. Ukiikalisha juu ya mdomo tu, hata ukiizungusha hadi mwisho wa kuona mbali, itaona wazi kitu kilicho kama sentimita 13 mbele yake. Punje ya mtama utaipiga vizuri sana. Bibi harusi humpati.

Zinazoipokea ni kamera zisizo na kioo. Sony za mdomo wa E zina milimita 18, Fujifilm X ina 17.7, na zile za Olympus na Panasonic za mfumo wa Micro Four Thirds zina kama 19. Adapta yake ni bomba fupi la chuma, tupu ndani, linalojaza pengo la milimita 10 au 11. Halina umeme wala lenzi ya pili ya kuharibu picha, ndiyo maana bei yake ni ndogo.

Kati ya hizo tatu, mimi ningechagua Sony au Fujifilm kwa lenzi hii, na sababu ni ukubwa wa sensa. Sensa zao ni karibu milimita 23.5 kwa 15.6, na fremu nusu ilikuwa 24 kwa 18. Zinakaribiana kama ndugu wa tumbo moja: lenzi inaona karibu kile ilichotengenezwa kuona, na ile ya 38 inakuwa lenzi ya kawaida ya uso na kiwiliwili. Sensa ya Micro Four Thirds ni 17.3 kwa 13, kwa hiyo inatumia nusu tu ya eneo la picha ya zamani na kutupa kingo. Mtu akisimama mlangoni mwa duka lake, itabidi urudi nyuma hadi barabarani. Hata hivyo Olympus nyingi za mfumo huo zina kitulizo cha mtikisiko ndani ya kamera. Unaiambia kwenye menyu kwamba lenzi ni ya milimita 38, nayo inatuliza hata lenzi ya miaka 60. Sony A6000 haina hiyo, na jioni mkono ukitetemeka utaona tofauti.

Tuje kwenye pesa. Nahesabu dola moja kwa shilingi 3,700 za Uganda. Lenzi ya 38 iliyo safi nimeikuta mara nyingi kati ya dola 60 na 100, tuseme 80. Adapta 25. Kusafirisha 25. Jumla 130, kisha VAT ya Uganda ya asilimia 18 inakufikisha dola 153, yaani kama shilingi 567,000, kabla ya ushuru mwingine wowote. Upande wa Kenya VAT ni 16, tofauti isiyostahili nauli. Na usidanganyike na ule utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo mpakani, wa mzigo usiozidi dola 2,000: unahusu bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lenzi ya Japani si mahindi ya Tororo.

Sasa iweke hiyo 567,000 mbele ya macho. Wachina, TTArtisan kwa mfano, wanatengeneza lenzi mpya ya milimita 35, tundu 1.4, ya mdomo wa Sony au Fujifilm, kwa chini ya dola 100, bila kuhitaji adapta. Nayo unaifokasi kwa mkono vilevile. Inapitisha mwanga zaidi na haina kuvu. Watu hufikiri kitu cha zamani ni cha bei rahisi, lakini hapa cha zamani ndicho ghali. Anayeinunua Zuiko ananunua udogo wake, pete yake inayozunguka kama imepakwa siagi, na namna inavyolainisha ngozi tundu likiwa wazi. Hizo ni sababu nzuri, nami naziheshimu. Ila asiseme anabana matumizi.

Na kama huna kamera isiyo na kioo? A6000 iliyotumika, ya dola 300, pamoja na Zuiko na adapta yake, ni kama shilingi 1,678,000. Sikushauri ufanye hivyo kwa ajili ya lenzi moja.

Mwenye Canon ana njia mbili bora. Ya kwanza ni Canon 50mm tundu 1.8 STM, iliyotoka mwaka 2015. Iliyotumika unaipata kwa dola 80 hadi 100. Inafokasi yenyewe, na kwa mpiga picha wa sherehe hilo ndilo linalolipa kodi ya nyumba. Kwenye kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba, binti anapiga magoti kusalimu, anainuka, gauni lake la gomesi linang'aa, shangazi anapita mbele yako na kapu. Huna nafasi ya kuzungusha pete ukitafuta jicho.

Ya pili ni kwa anayependa vya zamani: Helios 44-2 ya Umoja wa Kisovieti, milimita 58, tundu 2, ya skrubu ya M42. Umbali wake ni 45.46, mrefu kidogo kuliko wa Canon, kwa hiyo pete nyembamba ya dola 10 inatosha, na lenzi yenyewe ni dola 40 hadi 70. Mwenye Nikon asiiguse. Nikon imeizidi kwa milimita moja tu, lakini milimita hiyo inaifanya lenzi isione wazi kupita mita 3 na kidogo.

Ukiwa bado unaitaka Pen F, ikague kabla ya kulipa. Fungua tundu lote, mulika taa ya simu kutoka nyuma, utazame kwa mbele. Nyuzi kama za buibui ni kuvu. Sisi tulio karibu na ziwa tunaijua. Fungafunga tundu uone kama vipande vina mafuta. Kama pete ya tundu ina namba 0 hadi 7, usishtuke. Ni hesabu ya kipima mwanga cha Pen FT ya mwaka 1966. Ivute na kuizungusha, utapata namba za kawaida upande wa pili. Kwenye menyu ya kamera ruhusu ipige bila lenzi, kwa sababu haitaitambua. Na uihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Yangu niliuza kwa mwenzangu wa Malaba mwenye Sony, kwa hasara ya shilingi 90,000. Anaitumia Jumapili, wazee wakitoka kanisani, mtu mmoja mmoja, bila haraka. Alinionyesha picha ya bibi wa Kisamia, mkono shavuni, ukuta wa udongo nyuma yake umeyeyuka kabisa. Sijawahi kupata uso kama ule kwa 50 yangu.