Maji Yanayoachana Kilimani

Mtu wa Masisi hupanda kilima karibu kila siku: apeleka ng'ombe malishoni, apalilia maharagwe, aenda sokoni. Hupanda ameinama chini ya mzigo. Yafaa siku moja apande mikono mitupu, apate kuona.

Njia yaanza Sake, kando ya Ziwa Kivu, mita 1460 hivi juu ya bahari. Yapinda na kupinda, hata kufika malisho yapitayo mita 2000. Hapo baridi huuma asubuhi, na ukungu hulala bondeni. Zamani palikuwa na msitu; leo ni nyasi fupi, mikaratusi, na ng'ombe ambao maziwa yao hufanywa jibini liuzwalo Goma.

Ukifika juu, geuka mashariki: kule ni ziwa, na milima ya moto Nyamulagira na Nyiragongo. Geuka magharibi: vilima vyashuka kama ngazi hata msitu mkubwa wa Walikale.

Sasa fikiri juu ya mvua. Inyeshayo mashariki huingia Ziwa Kivu, ikafuata mto Ruzizi hata Tanganyika, kisha mto Lukuga hata Lualaba. Inyeshayo magharibi hufuata mto Lowa, upitao Walikale, nao pia humwagika Lualaba. Maji yaliyoachana kilimani hukutana tena!

Lakini hayashuki matupu. Ninyi wanafunzi, baada ya mvua tekeni maji katika vijito viwili: kimoja chini ya miti na majani, kingine chini ya shamba lililolimwa kwa mistari ya kushuka. Yaacheni yatulie katika bilauri. Tope la bilauri ya pili ndilo chakula cha kesho kilichokimbia shamba. Matuta ya kukingama mteremko, pamoja na majani ya tembo kingoni, hulizuia.

Walakini nani atapanda miti mahali asipotumaini kulala? Mapigano yaliyoanza Ntoto, Walikale, Machi 1993, yalienea hata Masisi. Mwezi Mei 1996 hata waliokimbilia monasteri ya Mokoto, iliyoanzishwa mwaka 1954, walishambuliwa humo. Tangu siku zile watu wa kila kabila wamehama mara nyingi, na mashamba yamebaki bila mwenyewe.

Wazee husema milima haikutani, binadamu hukutana. Basi wa juu atunze udongo wake, wa chini asimwone jirani kuwa mgeni; kwani wote wanywa mvua moja.