Skrini Moja kwa Kazi na kwa Mpira: Tazama Maandishi Kwanza

Pesa za karafuu zikiingia Pemba, kitu kimoja kinachonunuliwa ni skrini. Zamani mnunuzi aliuliza runinga gani nzuri, akaambiwa bei, akalipa. Siku hizi swali limekuwa zito zaidi. Nyumba hiyohiyo ina kijana anayesoma chuo kikuu cha SUZA na kuandika kazi zake usiku, ina mwalimu wa skuli anayejaza alama za wanafunzi kwenye kompyuta, na ina watu wanaotaka taarifa ya habari na mpira. Pesa ni za skrini moja tu. Inunuliwe ipi?

Jibu langu ni hili: chagua kwa ajili ya maandishi kwanza. Skrini inayoonesha herufi ndogo vizuri itaonesha mpira bila tabu. Inayoonesha mpira vizuri inaweza kushindwa kabisa kuonesha barua ya ukurasa mmoja. Wengi huchagua kinyume chake, kwa sababu dukani runinga zote huwashwa zikiwa na video za maua na samaki wa rangi, na hakuna hata moja inayooneshwa ikiwa na maandishi.

Vitu viwili vilivyokuja kukutana

Zanzibar ilianza kurusha televisheni ya rangi mapema katika miaka ya 1970, karibu miongo miwili kabla ya Tanzania Bara kupata vituo vyake mwaka 1994. Miaka yote hiyo runinga ilikuwa sanduku zito lenye kisogo, likipokea mawimbi kwa antena, na kompyuta ilikuwa na kioo chake na waya wake. Usingeweza kuvichanganya kirahisi.

Mambo mawili yameviunganisha. Kwanza, Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, ikianzia Dar es Salaam, na king'amuzi kikaingia majumbani. Pili, king'amuzi na laptopu vyote sasa hutoa picha kwa waya uleule wa HDMI. Monita ya kompyuta na runinga ya LED zina kioo cha aina moja kwa ndani. Kwa upande wa picha, zinatofautiana hasa katika mambo mawili: mtazamaji anakaa umbali gani, na kifaa kinaifanyia nini picha kabla ya kuionesha. Ukiyaelewa hayo mawili, muuzaji hawezi kukubabaisha.

Umbali na vinukta

Picha ya skrini hujengwa kwa vinukta, yaani pikseli. Runinga iliyoandikwa "HD" au "HD Ready" mara nyingi ina vinukta 1366 kwa upana na 768 kwa kimo. "Full HD" ina 1920 kwa 1080. "4K" ina 3840 kwa 2160. Idadi hiyo haibadiliki kwa ukubwa wa kioo; kioo kikiwa kikubwa, kila kinukta ndicho kinachokuwa kikubwa.

Chukua runinga ya inchi 32 yenye vinukta 1366 kwa 768, ambayo ndiyo inayopatikana kwa wingi na kwa bei nafuu. Kila kinukta chake kina upana wa takriban nusu milimita. Andika herufi "e" kwa ukubwa wa kawaida wa barua: hujengwa kwa vinukta saba hivi kwenda juu. Ukikaa mezani, sentimita 70 kutoka kwenye kioo, unaona ngazi kwenye mviringo wa herufi, na baada ya saa moja macho yanachoka. Rudi nyuma hadi karibu mita 1.8, jicho zima halivioni tena vinukta hivyo. Ndiyo maana mpira unapendeza kwenye runinga hiyo, ilhali barua inatesa.

Sasa chukua monita ya inchi 24 ya Full HD. Kinukta chake ni kama robo milimita tu, na ukikaa karibu mita moja tayari hukioni. Runinga ya inchi 32 ya Full HD inahitaji kama mita 1.3. Ya inchi 43 ya Full HD inahitaji mita 1.7, lakini ya inchi 43 ya 4K inashuka hadi sentimita 85. Kwa hiyo neno "kubwa" peke yake halisemi kitu. Uliza inchi na vinukta kwa pamoja.

Hapa kuna mtego. Baadhi ya runinga ndogo huandikwa kwenye boksi kwamba zinakubali picha ya 1080. Kukubali si kuwa na vinukta hivyo: runinga huipokea picha kubwa kisha huipunguza ili iingie kwenye vinukta 768 ilivyonavyo. Takwimu unayoitaka ni ya kioo chenyewe, nayo huandikwa "resolution" au "native resolution".

Runinga inavyoichezea picha

Monita huonesha kile ilicholetewa. Runinga hupenda kukitengeneza kwanza, na matengenezo hayo hufaa sinema kuliko maandishi.

La kwanza ni kukata kingo. Ni desturi iliyobaki tangu enzi za vioo vya kisogo, ambavyo kingo zake hazikuwa sawa. Ukiunganisha kompyuta, ule mstari wa chini wenye saa na programu unapotea nusu. Tiba yake ipo kwenye mipangilio ya picha, ikiandikwa "Just Scan", "Screen Fit" au "1:1" kutegemea kampuni.

La pili ni kunoa picha. Runinga huongeza weupe pembezoni mwa kila umbo ili nyasi za uwanja zionekane kali. Kwenye maandishi weupe huo huwa kama kivuli kuizunguka kila herufi. Shusha "Sharpness" hadi kivuli kitoweke.

La tatu ndilo lisilojulikana sana, na ndilo linaloharibu zaidi. Video za televisheni husafirishwa kwa kubana rangi: vinukta vinne vya jirani hubaki na mwanga wao kila kimoja, lakini vyote vinne hugawana rangi moja. Uso wa mtu au jezi ya mchezaji haviathiriki, kwa kuwa rangi zake hubadilika polepole. Herufi ni jambo jingine, maana mstari wake una upana wa kinukta kimoja tu. Runinga inayobana hata picha ya kompyuta itaonesha herufi nyekundu juu ya weusi zikiwa zimechuja na kutapakaa. Nyingi huacha kufanya hivyo ukilipatia tundu la HDMI jina la "PC" kwenye menyu. Nyingine haziachi hata ufanyeje. Hizo za pili si za kununua kwa kazi.

Kwa 4K kuna jambo la nne. HDMI ya toleo la 1.4 hupitisha picha ya 4K mara 30 tu kwa sekunde, na mshale wa kipanya huonekana ukiburuta. Kupata mara 60 kunahitaji toleo la 2.0 pande zote mbili, yaani laptopu na runinga. Laptopu kuukuu huwa haina.

Kile monita isichokuwa nacho

Ukiamua kuchukua monita, ujue inachokosa. Haina kipokezi cha mawimbi, kwa hiyo antena haichomekwi, lazima king'amuzi. Mara nyingi haina spika, au inazo dhaifu. Nyumba nyingi tayari zina sabufa, na ving'amuzi vingi vina matundu mekundu na meupe ya sauti. Peleka sauti kutoka huko moja kwa moja kwenye sabufa, na picha ipite HDMI. Chagua monita yenye matundu mawili ya HDMI, ili waya wa laptopu na wa king'amuzi vikae mahali pake bila kuchomoa kila siku.

Monita za mtumba zina tatizo lake. King'amuzi mara nyingi hufunga picha kwa ulinzi wa hakimiliki uitwao HDCP, na monita ya zamani isiyoutambua ulinzi huo huonesha weusi mtupu, ingawa kwa kompyuta inafanya kazi vizuri. Hakuna waya wala kiunganishi cha kawaida cha kulitatua hilo. Jaribu na king'amuzi kabla ya kulipa.

Mtumba wa runinga nao una lake. Nchi nyingi za SADC, Tanzania ikiwamo, zilichagua mfumo wa DVB-T2 kwa matangazo ya antena. Runinga iliyotengenezwa kwa soko la Marekani hupokea mfumo wa ATSC, hivyo antena ya Pemba haitaipa kitu.

Pembe, mwanga na umeme

Familia haikai mstari mmoja mbele ya kioo. Mmoja yuko kwenye kochi, watoto wako kwenye mkeka pembeni. Kioo cha IPS hubakisha rangi zake ukikitazama kwa ubavu. Kioo cha VA kina weusi mzuri zaidi usiku lakini hupauka ukikaa pembeni. Kwa ukumbi wenye watu wengi, na kwa maandishi, IPS ni salama zaidi. Kama madirisha hukaa wazi mchana, kioo kisichong'aa kitakuepusha na kujisomea uso wako badala ya barua. OLED ni nzuri mno kwa sinema, lakini mstari wa chini wa kompyuta ukikaa palepale kila siku unaweza kuacha alama ya kudumu.

Pemba iliachana na kutegemea majenereta ya dizeli mwaka 2010, ulipofika waya wa kilovolti 33 uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Hata hivyo umeme bado hukatika na kurudi kwa kishindo. Nunua na kilinda umeme, na soma kibandiko cha nyuma: kiandike volti 100 hadi 240. Matumizi nayo yana uzito wake kwa mwenye mita ya umeme ya TUKUZA, ya kulipia kabla ya kutumia. Skrini ya wati 25 ikiwaka saa tano kwa siku hula chini ya uniti nne kwa mwezi. Ya wati 80 hula uniti 12.

Uamuzi

Kwa chumba cha mwanafunzi, au ukumbi mdogo ambao watazamaji hawazidi mita mbili kutoka kwenye kioo, chukua monita ya inchi 24 au 27 ya Full HD yenye IPS, uiunge na sabufa. Kwa ukumbi wa familia, runinga ya inchi 32 ya Full HD ndiyo ya katikati, mradi kiti cha kazi kisogezwe nyuma kidogo na maandishi yakuzwe kwenye kompyuta. Pesa zikitosha, inchi 43 ya 4K itafanya kazi zote mbili vizuri kuliko zote, ila itundikwe ukutani nyuma ya meza pana, maana upana wake ni sentimita 95 na ukiikaribia sana shingo itaumia.

Na kama kijana ana mitihani na wazee hawakosi habari ya saa mbili usiku, skrini moja haitoshi, hata iwe nzuri namna gani. Hapo afadhali runinga ya kawaida kwa wote na monita ya mtumba iliyojaribiwa kwa mwanafunzi.

Kabla ya kulipa, nenda dukani na laptopu yako na waya wa HDMI. Fungua ukurasa wa maandishi madogo, na mwingine wenye herufi nyekundu juu ya weusi. Kaa karibu kama utakavyokaa nyumbani, kisha sogea ubavuni. Mwenye duka akikataa jaribio hilo la dakika tano, nenda duka jingine. Kama umevuka bahari kwenda kununua Unguja, fanya hivyo kwa msisitizo zaidi: kioo kikishashuka bandari ya Mkoani, kukirudisha ni nauli nyingine na hatari ya kuvunjika njiani.