Kuchuja Ishara Kwenye Kelele

Vyombo vya kisayansi vya siku hizi hukusanya takataka nyingi kuliko maarifa. Kamera iliyofungwa kwenye mti mbugani hupiga maelfu ya picha za nyasi. Mtambo wa kunasa mtikiso uliotoka anga za mbali hutikiswa na lori lipitalo barabarani. Jaribio la chanjo ya malaria hurekodi homa za kila aina, zikiwemo za mafua na kichomi. Watafiti huita kile wanachokitafuta ishara, na yote yanayokificha huyaita kelele, hata pale ambapo hakuna sauti yoyote inayosikika. Sehemu kubwa ya uvumbuzi wa miaka kumi na tano iliyopita, katika fizikia, ikolojia, kompyuta na tiba, imetokana na ustadi wa kutenganisha viwili hivyo.

Kelele kali kuliko zote ziko kwenye fizikia. Mwaka 1916 Albert Einstein alitabiri kwamba vitu vizito vinavyozungukana hutoa mawimbi ya mvutano, yaani mawimbi yanayonyoosha na kubana nafasi yenyewe. Ilipita karibu karne moja kabla ya kupatikana chombo cha kuyanasa. Chombo hicho, LIGO, kina mitambo miwili nchini Marekani, mmoja Hanford katika jimbo la Washington na mwingine Livingston katika jimbo la Louisiana, yapata kilomita 3,000 kutoka mmoja hadi mwingine. Kila mtambo una mikono miwili ya kilomita 4 iliyokaa kama herufi L, na ndani yake mwanga wa leza huenda na kurudi kati ya vioo katika mabomba yasiyo na hewa. Wimbi likipita, mkono mmoja hurefuka na mwingine hufupika, lakini kwa kiasi kilicho mamia ya mara chini ya upana wa protoni moja. Kwa kipimo hicho hakuna kitu kilichotulia. Mawimbi ya bahari yanayopiga pwani, upepo, matetemeko ya mbali, hata joto la vioo vyenyewe, vyote huonekana kwenye data.

Kinga ya kwanza ni mitambo kuwa miwili: lori la Louisiana halitikisi kioo cha Washington. Kinga ya pili ni hesabu. Wanafizikia walitumia nadharia ya Einstein kukokotoa mapema umbo la wimbi kwa kila aina ya jozi ya vitu vizito, wakapata vielelezo takriban 250,000, kisha kompyuta zikawa zinavilinganisha na data mfululizo. Ndivyo mama anavyoitambua sauti ya mwanawe katikati ya soko: masikio yake si makali kuliko ya wengine, ila anajua anachokisikiliza. Kinga ya tatu ilikuwa kujitega wenyewe. Septemba 2010 watu wachache walioruhusiwa waliingiza kwa siri ishara ya bandia kwenye data. Wenzao waliichambua kwa miezi, wakafika hatua ya kuandaa makala ya kutangaza ugunduzi, na Machi 2011 bahasha yenye siri hiyo ikafunguliwa mbele yao: hapakuwa na wimbi lolote. Zoezi hilo laweza kuonekana la kikatili, lakini ndilo lililothibitisha kwamba ishara ikija kweli, mfumo mzima utaiona.

Ilikuja tarehe 14 Septemba 2015. Ilidumu sehemu ya tano ya sekunde, mtetemo wake ukipanda kutoka mizunguko 35 hadi 250 kwa sekunde, ikapita Livingston na milisekunde 7 baadaye ikapita Hanford. Umbo lake lililingana na mashimo meusi mawili, moja lenye uzito wa majua 36 na jingine 29, yaliyoungana umbali wa miaka-nuru bilioni 1.3 kutoka duniani. Haishangazi kwamba jambo la kwanza lililoulizwa ni kama safari hii pia kulikuwa na bahasha. Haikuwapo. Kwa makadirio ya watafiti, kelele peke yake ingeweza kuiga ishara ya namna ile pungufu ya mara moja katika miaka 200,000. Tangazo lilitolewa Februari 2016, na mwaka uliofuata Rainer Weiss, Barry Barish na Kip Thorne wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Tukio la tarehe 17 Agosti 2017 lilikuwa gumu zaidi kulichuja. Nyota mbili za nyutroni ziligongana umbali wa miaka-nuru takriban milioni 130, na yapata sekunde moja kabla wimbi halijakwisha, mtambo wa Livingston ulipatwa na mshtuko wake wenyewe uliofunika ishara. Ilibidi mshtuko huo uondolewe kwenye data kwa hesabu ndipo wimbi lionekane lote. Kazi hiyo ilistahili jasho lake: setilaiti zilikuwa zimenasa mmweko wa miale ya gamma sekunde 1.7 baada ya mgongano, na darubini nyingi duniani zilipoelekezwa huko ziliona dalili za metali nzito zikiundwa. Wanasayansi walipata hapo ushahidi thabiti wa mahali ambapo sehemu kubwa ya dhahabu ya ulimwengu huweza kutoka.

Serengeti, kelele ni nyasi. Mwaka 2010 watafiti wa simba walianza kutandaza kamera 225 katika eneo la kilomita za mraba 1,125 ndani ya hifadhi hiyo ya Tanzania. Kila kamera ina kihisio kinachoshtuka joto au mjongeo unapopita mbele yake, mchana na usiku. Shida ni kwamba jani refu lililopashwa jua na kuyumbishwa na upepo lina joto na mjongeo vilevile, kwa hiyo takriban robo tatu ya mara ambazo kamera hizo zilijifyatua hazikunasa mnyama hata mmoja. Tembo na fisi nao wana desturi ya kuzing'oa na kuzitafuna. Katika miaka mitatu ya kwanza zilipatikana seti za picha zipatazo milioni 1.2, mzigo ambao timu ya watu wachache isingeumaliza.

Picha hizo ziliwekwa kwenye intaneti kupitia mradi wa Snapshot Serengeti, na watu wa kujitolea zaidi ya 28,000 wakajitokeza kuzitambua. Wengi wao hawakuwa na ujuzi wowote wa wanyama, na mtu mmoja mmoja alikosea mara kwa mara. Ila kila picha ilionyeshwa kwa watu kadhaa, ile yenye utata hadi watu 25, na jibu la wengi likachukuliwa. Majibu hayo yalipolinganishwa na ya wataalamu, yalikuwa sahihi kwa asilimia 96.6. Makosa ya watu wasiojuana hayaelekei upande mmoja, kwa hiyo hufutana. Huu ni ukweli wa kitakwimu ambao hutumika kila siku na kusifiwa mara chache mno.

Hazina hiyo ndiyo iliyowavutia wataalamu wa kompyuta. Programu za akili mnemba za aina hii haziandikiwi kanuni za kumtambua pundamilia. Hupewa picha zilizokwisha kupewa majina, zikakisia, zikasahihishwa, zikakisia tena, hadi zipate zenyewe alama za kutofautisha. Mwaka 2018 ilichapishwa kazi iliyotumia picha milioni 3.2 za Serengeti zenye aina 48 za wanyama. Programu ilipata usahihi wa zaidi ya asilimia 93.8. Iliporuhusiwa kunyamaza pale isipokuwa na uhakika na kuwaachia watu picha hizo, ilimudu asilimia 99.3 ya data kwa usahihi uleule wa watu wa kujitolea, na kuokoa kazi ambayo mtu mmoja angeifanya kwa zaidi ya miaka 8.

Ruhusa hiyo ya kunyamaza ni muhimu kuliko inavyosikika. Serengeti ina nyumbu zaidi ya milioni moja, na kicheche ni nadra. Programu iliyolelewa na picha za nyumbu huwa hodari kwa nyumbu na dhaifu kwa wanyama adimu, ilhali mara nyingi ni hao adimu ambao mhifadhi anawatafuta. Kuna udhaifu mwingine. Utafiti mwingine wa mwaka 2018, uliofanywa kwa picha za kusini-magharibi mwa Marekani, ulionyesha kwamba programu inayofanya vizuri kwa kamera ilizojifunzia huzidisha makosa ikipewa picha za kamera iliyowekwa mahali papya. Sehemu ya kile ilichodhaniwa kujifunza kuhusu mnyama ilikuwa mandhari iliyo nyuma yake. Kwa maneno mengine, mashine ilikuwa imeikariri kelele ikaidhania ni ishara, na hakuna aliyejua mpaka ilipohamishwa.

Kazi ya kompyuta iliyopata sifa kubwa zaidi, hata hivyo, haikuhusu picha. Protini, zinazofanya karibu kila kazi katika mwili, ni minyororo ya asidi amino za aina 20 inayojikunja kuwa umbo fulani, na umbo hilo ndilo linaloamua protini itashikana na nini. Kulipata kwa njia za maabara, kama kupiga fuwele za protini kwa eksirei, huweza kuchukua miezi au miaka. Tangu 1994 kumekuwa na shindano la kila baada ya miaka miwili, CASP, ambamo washindani hupewa mpangilio wa mnyororo na kutakiwa kukisia umbo ambalo maabara imekwisha kulipata lakini haijalitangaza. Kwa robo karne maendeleo yalikuwa ya kusuasua. Mwaka 2020 programu ya AlphaFold ya kampuni ya DeepMind ilikisia maumbo mengi kwa usahihi unaokaribia ule wa maabara.

Siri yake moja imo katika mabadiliko ya viumbe. Protini ileile hupatikana kwa tofauti ndogondogo katika maelfu ya viumbe, na tofauti nyingi hazina maana yoyote. Lakini ikiwa kila mara kiungo cha 30 kinapobadilika kiungo cha 112 nacho hubadilika, huenda viungo hivyo viwili vinagusana katika umbo lililokunjwa, na kimoja hakiwezi kubadilika bila mwenzake. AlphaFold huvuna uhusiano wa namna hii, hulinganisha na maumbo yanayojulikana, na pamoja na kila jibu hutoa alama ya jinsi inavyojiamini. Mwaka 2022 makisio ya protini zaidi ya milioni 200 yaliwekwa wazi kwa wote, na mwaka 2024 Demis Hassabis na John Jumper wa DeepMind waligawana Tuzo ya Nobel ya kemia na David Baker, aliyetambuliwa kwa kubuni protini mpya. Makisio hayo hayaoni kila kitu. Protini hutikisika na kubadilika umbo zikiwa kazini, na zipo zenye sehemu zisizo na umbo la kudumu.

Miongoni mwa waliofaidika ni watafiti wa malaria. Protini ya kimelea cha malaria iitwayo Pfs48/45, ambayo kimelea huihitaji ili kizaliane ndani ya mbu, ilikuwa imewasumbua wataalamu wa Oxford kwa miaka kwa sababu picha zake za maabara zilikuwa na ukungu. Makisio ya AlphaFold yalipowekwa pamoja na picha hizo, umbo likatoka, na sasa linatumika katika kubuni chanjo za kuzuia maambukizi yasipite kwa mbu.

Chanjo mbili zilizokwisha kuidhinishwa, RTS,S na R21, hushambulia hatua nyingine: kimelea kinapoingia mwilini kabla hakijafika kwenye ini. Kuzipima kulikuwa kazi ngumu ya kuchuja, kwa sababu mahali penye malaria nyingi, mtoto anaweza kuwa na vimelea katika damu na bado homa yake ikawa ya kichomi. Jaribio kubwa la RTS,S, lililoanza mwaka 2009 kwa watoto zaidi ya 15,000 katika vituo 11 vya nchi 7, vikiwemo Bagamoyo, Korogwe na Kilifi, lilihesabu kuwa malaria ile homa iliyoambatana na vimelea zaidi ya 5,000 katika kila maikrolita ya damu. Watoto waligawanywa kwa bahati nasibu. Wale wakubwa zaidi ambao hawakupewa RTS,S walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa, ili wasitoke mikono mitupu na ili mzazi wala daktari asijue nani kapata ipi.

Matokeo ya chanjo hizi hulinganishwa vibaya mno na wasomaji wa magazeti. RTS,S ilipunguza malaria kwa takriban asilimia 36 kwa watoto waliopata dozi 4, na R21 kwa asilimia 75 katika vituo vyenye malaria ya msimu na 68 katika vituo vingine, vikiwemo Kilifi na Bagamoyo. Lakini tarakimu ya kwanza ni ya miaka minne na za pili ni za miezi 12. Katika miezi 12 ya mwanzo RTS,S nayo ilizidi asilimia 50. Nguvu ya chanjo hupungua na wakati, na chanjo inayotolewa muda mfupi kabla ya mvua humkuta mbu ikiwa bado na makali.

Jaribio la RTS,S pia lilitoa ishara isiyotakiwa. Homa ya uti wa mgongo ilionekana zaidi kwa waliochanjwa, na vifo vilionekana zaidi kwa wasichana waliochanjwa. Idadi ilikuwa ndogo, na jaribio linalopima mambo mengi kwa pamoja halikosi moja au mawili yanayojitokeza kwa bahati tu. Hata hivyo kuyapuuza kungekuwa uzembe. Shirika la Afya Duniani liliamua chanjo itolewe kwanza kwa majaribio kuanzia 2019 katika maeneo yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu nchini Malawi, Ghana na kaunti za magharibi mwa Kenya, huku maeneo jirani yakisubiri, ili vifo na homa za uti wa mgongo vihesabiwe pande zote mbili. Hofu zote mbili hazikuthibitika. Oktoba 2021 shirika hilo likapendekeza RTS,S itumike kwa upana, na Oktoba 2023 likapendekeza R21. Katika maeneo ya majaribio, vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa, kutokana na sababu zote isipokuwa ajali, vilipungua kwa asilimia 13.

Chanjo ikishatolewa kwa kila mtoto, eneo la kulinganisha hutoweka. Cameroon ilianza Januari 2024 kuiingiza katika chanjo za kawaida, na nchi nyingine zikafuata. Wanaotaka kujua inafanya kazi kiasi gani sasa hutegemea daftari za zahanati, ambamo kupungua kwa malaria kunaweza pia kuwa kazi ya vyandarua vipya, ya mwaka wa mvua chache, au ya vipimo kuisha ghalani, kwa kuwa malaria isiyopimwa haihesabiwi.