Swali kwanza, basi baadaye

Muhula ukianza, wazazi wa Nyaramba, hapa Nyamira, huletewa barua za tripu, na nyingi hutaja Mombasa. Naelewa. Mtoto aliyekulia kati ya mashamba ya majani chai ana haki ya kuiona bahari. Lakini kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 1,400 barabarani. Niliwahi kuongoza safari ya namna hiyo. Wanafunzi walifika Fort Jesus macho mekundu kwa kukosa usingizi, wakapitapita kwa saa moja, wakapiga picha. Darasani nilipowauliza walichojifunza, wengi walinisimulia chakula cha njiani. Kosa lilikuwa langu: niliwapakia kwenye basi bila swali lolote la kwenda kulitafutia jibu.

Swali zuri kwa watoto wa Nyaramba linapita bondeni kwao. Maji ya kijito hiki yanakwenda wapi, na njiani yanafanya kazi gani? Vijito vingi vya upande huu wa Nyamira huishia Mto Sondu. Huko Nyakach, sehemu ya maji ya mto huo hupitishwa kwenye handaki la zaidi ya kilomita 6, kisha huteremka kwa nguvu hadi mitambo ya umeme ya Sondu Miriu ya kampuni ya KenGen, yenye uwezo wa megawati 60. Yakitoka hapo hayaachwi yapite hivi hivi. Kituo cha Sang'oro huyatumia tena kuzalisha hadi megawati 21 kabla hayajaingia Ziwa Victoria.

Jambo ninalotaka wanafunzi walione kwa macho yao ni kwamba bwawa la Sondu ni dogo. Haliwezi kuweka akiba ya maji ya miezi. Mto ukinywea wakati wa kiangazi, umeme nao hupungua. Mwanafunzi wa Gredi ya 8 ambaye nyumbani kwao mikaratusi, miti inayonyonya maji mengi, imepandwa hadi ukingoni mwa chemchemi atasimama pale na kuanza kuuliza maswali ambayo hakuna kitabu kilichomwandalia. Muda ukiruhusu, basi lisogee hadi Makumbusho ya Kisumu, wawatazame samaki wa ziwa lile lile linalopokea maji ya kwao.

Maandalizi ni kazi ya mwalimu, na hayaishii kwenye kukusanya pesa. Aandike barua ya kuomba nafasi mapema, kisha atangulie yeye mwenyewe kuikagua njia: basi litageuzia wapi, vyoo viko wapi, watoto watakula wapi mvua ikinyesha. Apange saa ya kurudi kwanza, ndipo apange ya kuondoka, ili giza lisiwakute barabarani. Mnamo 18 Machi 2024, wanafunzi 11 wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walifariki katika ajali ya barabarani huko Maungu, wakielekea Mombasa kwa safari ya masomo. Kila nikitia sahihi fomu ya safari huwakumbuka.

Safari fupi ina neema nyingine. Ada yake ni ndogo, kwa hiyo wanaoachwa nyuma ni wachache. Mtoto anayebaki shuleni akilitazama basi likitoka langoni hujifunza somo ambalo hatukukusudia kumfundisha. Kamati ya wazazi ilizungumze hili waziwazi kabla bei haijatangazwa.

Wanafunzi wakiwa safarini, wagawanywe katika vikundi vya watano watano, kila mmoja na kazi yake: huyu achore, yule aandike namba, mwingine awahoji wafanyakazi. Na kabla ya kuondoka, wapime kijito chao. Kamba ya mita 10, jani linaloelea na saa ya mkononi vinatosha kujua kasi ya maji. Fimbo itaonyesha kina. Wapime mvua inapokuwa nyingi, wapime tena Februari, mahali pale pale. Namba hizo wazisome wenyewe mbele ya wazazi siku ya mkutano, wenye mikaratusi mabondeni wakiwa wameketi hapo wanasikiliza.