Makumbi ya chura yasiwe ya baharini

Mpwa wangu anakaa Lindi ya Kibera, si ya Tanzania. Chura wake wa kwanza alikufa. Alimeza changarawe pamoja na mdudu, zikamziba utumbo. Sasa ataka makumbi ya kumtandikia wa pili.

Nimemwambia yale yaliyofukiwa pwani kwa kusukwa kamba hayafai. Chura hanywi kwa mdomo, hunywa kwa ngozi, chumvi humkausha. Maranda ya seremala nayo huenda yana dawa ya mbao.

Nampelekea makumbi ya nazi tulizofua nyumbani. Ayachambue, ayaroweke maji ya mvua, ayakamue yabaki na unyevu tu. Yakinuka, abadilishe.

Ukimfungia kiumbe, dhima yake i juu yako.