Kiwango cha Kobalti Hupimwaje?

Mchimbaji mdogo wa mji wa Likasi, Kongo, anapofikisha magunia yake depo, malipo yake huamuliwa na vitu viwili: mizani, na kifaa cha mkononi chenye umbo la bastola ambacho wengi hukiita Metorex. Mizani inataja kilo, kifaa kinataja asilimia ya kobalti au shaba. Kwa kawaida vyote viwili ni vya mnunuzi, na ubishi huanzia hapo.

Kifaa hicho hurusha eksirei kwenye jiwe. Eksirei hung'oa elektroni za ndani za atomi. Elektroni za nje zikishuka kujaza pengo, atomi hutoa eksirei yake yenyewe. Mwaka 1913 Henry Moseley wa Uingereza alianza kuonyesha kwamba kila elementi ina nishati yake: kobalti hutoa elektronivolti 6,930 hivi, shaba 8,050. Kwa hiyo kifaa kizima hakikosei kirahisi kutambua kilichomo. Swali gumu ni kiasi gani kimo.

Miali inayorudi hutoka kwenye ngozi ya jiwe tu, chini ya milimita moja. Heterojeniti, madini meusi yenye kobalti, ikiwa imeganda upande mmoja, upande huo utasoma juu na wa pili chini, na hakuna hata mmoja unaosema habari za gunia zima. Dawa yake ni kuponda, kuchanganya, kutandaza rundo, kuligawa robo nne, kubakiza mbili zinazotazamana, kisha kurudia mpaka ubaki unga wa kujaa kiganja. Unga huo ukaushwe kabla ya kupimwa.

Maji yana hesabu yake. Gunia la kilo 50 lenye maji asilimia 20 lina madini makavu kilo 40. Yakiwa na kobalti asilimia 3, kobalti ni kilo 1.2. Yakipimwa yakiwa mabichi, kifaa kinaweza kusoma asilimia 2.4 hivi. Mnunuzi akizidisha 2.4 hiyo kwa kilo 40, anapata kilo 0.96: maji yamekatwa mara mbili, na mchimbaji amepoteza sehemu ya tano ya jasho lake.

Kuna pia tofauti ya uthabiti na usahihi. Kifaa kinachosoma 2.1 mara tatu mfululizo ni thabiti, lakini huenda kinakosea mara zote tatu. Usahihi hujulikana kwa kupima kwanza sampuli ambayo maabara imekwisha kuthibitisha kiwango chake.

Hii ndiyo njia ya kisayansi: matokeo huaminiwa kwa sababu mtu mwingine anaweza kuyarudia, si kwa sababu ya cheo cha aliyeyatoa. Mchimbaji ana haki ya kudai sampuli iliyothibitishwa na maabara ipimwe mbele yake, asome namba kwa macho yake, na nusu ya unga wa madini yake ifungwe kwa sahihi za pande zote mbili. Wakibishana, maabara nyingine itapima unga uleule.