Idadi na Tarakimu Zake: Ugeuzaji wa Nambari na Mifuatano ya Herufi katika Lugha ya Fortran

Utangulizi

Utendi wa Mwana Kupona una beti 102. Mtafiti akitaka kutayarisha faharasa ya maneno yote ya utendi huo kwa msaada wa kompyuta, hana budi kuliambatanisha kila neno na nambari ya ubeti linamopatikana. Mashine ikiisha kuipanga orodha, huenda akashangaa kuona kwamba ubeti wa 2 umewekwa baada ya ubeti wa 19, na kwamba beti za 10, 100, 101 na 102 zimeutangulia pia. Kompyuta haikukosea. Imezipanga tarakimu kama inavyozipanga herufi za alfabeti, kwa kuwa haikuambiwa kwamba tarakimu hizo zinasimamia idadi.

Makala haya yanakusudia kueleza tofauti iliyopo baina ya idadi na maandishi yake, na namna lugha ya Fortran inavyomwezesha mtumiaji kuvuka kutoka upande mmoja hadi wa pili.

Idadi na tarakimu

Idadi ni kiasi. Tarakimu ni alama za kukiandikia kiasi hicho. Mtu akiandika "mia moja na mbili" kwa maneno, akiandika 102, au akitumia tarakimu za hati ya Kiarabu kama walivyofanya waandishi wa miswada ya pwani, idadi ni moja tu ingawa maandishi ni ya namna tatu. Msomaji huvuka kutoka kwenye maandishi hadi kwenye idadi bila ya kutambua kwamba amevuka.

Kompyuta haina wepesi huo. Idadi hii ikihifadhiwa kama nambari kamili, huwekwa katika kumbukumbu ya mashine kwa mfumo wa tarakimu mbili tu, 0 na 1, yaani 1100110, nayo yaweza kujumlishwa au kugawanywa. Ikihifadhiwa kama mfuatano wa herufi, huwa ni alama tatu zilizopangwa bega kwa bega, kila moja na msimbo wake: katika mfumo wa ASCII ni 49, 48 na 50, katika mfumo wa EBCDIC, ambao ni wa mashine kubwa za IBM, ni 241, 240 na 242. Hakuna hata msimbo mmoja kati ya hiyo unaosema "mia".

Ili kuipata idadi, msimbo wa sufuri hutolewa katika msimbo wa kila alama, na hapo hubaki 1, 0 na 2. Kisha hesabu huendelea kutoka kushoto: 1 mara 10 ongeza 0 ni 10, 10 mara 10 ongeza 2 ni 102. Safari ya kurudi ni kugawanya kwa kumi tena na tena na kuyaandika masalio kuanzia kulia.

Fortran kabla ya 1977

Fortran ilitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957, baada ya kazi ya kundi lililoongozwa na John Backus. Ilikusudiwa hesabu za wanasayansi na wahandisi, wala si maandishi. Kiwango rasmi cha kwanza, cha 1966, hakikuwa na aina ya data iliyotengewa herufi; mtumiaji alilazimika kuzificha herufi ndani ya majina ya nambari. Baadhi ya wakusanyaji wa lugha hiyo waliongeza amri za ENCODE na DECODE kwa ajili ya ugeuzaji, lakini kwa kuwa hazikuwa katika kiwango rasmi, programu iliyofanya kazi kwenye mashine moja iliweza kushindwa kwenye nyingine.

Mabadiliko yalikuja na FORTRAN 77, kiwango kilichoidhinishwa mwaka 1978. Kilileta aina ya CHARACTER na faili la ndani, yaani mfuatano wa herufi uliomo katika kumbukumbu ambao huandikiwa na kusomwa kana kwamba ni faili.

Njia ya ugeuzaji

Kuivusha idadi hadi kwenye maandishi ni kuandika:

      CHARACTER*3 ANDIKO
      IDADI = 102
      WRITE (ANDIKO, '(I3)') IDADI

Muundo wa I3 maana yake ni nambari kamili katika upana wa nafasi tatu. Yafaa ieleweke kwamba katika Fortran jina linaloanza na herufi yoyote kati ya I na N huchukuliwa kuwa la nambari kamili hata lisipotangazwa. Kwa hiyo IDADI halihitaji tangazo. Kurudi kwenye idadi ni kusoma:

      READ (ANDIKO, '(I3)', IOSTAT=KOSA) IDADI

Ugeuzaji ukifaulu, KOSA huwa sufuri. Mpiga chapa akiwa ameandika herufi O mahali pa sufuri, KOSA hupata thamani iliyo kubwa kuliko sufuri, na programu yaweza kuuonyesha mstari wenye dosari badala ya kukatika. Asiyeiweka IOSTAT hana budi kutarajia kwamba mstari mmoja mbovu utaisimamisha kazi nzima.

Mambo ya kuchunga

Kwanza, upana. Idadi ya 1250 ikiandikwa kwa I3 haikatwi mwisho wake. Mahali pake hutokea nyota tatu. Alama ya kutoa nayo huhesabiwa kuwa nafasi. Muundo wa I0, uliokuja na Fortran 95, huipa kila nambari nafasi zile tu inazozihitaji.

Pili, nafasi tupu. Kiwango cha 1966 kilizihesabu nafasi tupu zinazofuata tarakimu kuwa sufuri. Kadi iliyotobolewa 12 katika nafasi mbili za mwanzo za sehemu yenye nafasi tatu ilisomwa 120, tena bila ya onyo lolote. FORTRAN 77 iliongeza BN, ambayo huamuru nafasi hizo zipuuzwe. Programu ya zamani inayofufuliwa leo yapaswa kukaguliwa hapa kwanza.

Tatu, mpangilio. Kosa la faharasa lililotajwa juu hutokea tarakimu zinapoegemea kushoto. Zikiandikwa kwa I3 huegemea kulia, na nafasi tupu hutangulia tarakimu katika mpangilio; kwa hiyo 2 hutangulia 10. Muundo wa I3.3 huondoa shaka kabisa kwa kujaza sufuri: 002, 010, 102.

Nne, si kila tarakimu ni idadi. Nambari ya mswada iliyo 007 katika maktaba ni jina tu. Ikigeuzwa kuwa nambari kamili hubaki 7, na atakayekwenda kuutafuta mswada huo kwa alama hiyo huenda asiupate.

Hitimisho

Kanuni ni nyepesi. Kinachohesabiwa au kupangwa kwa ukubwa kihifadhiwe kama nambari kamili, na kigeuzwe kuwa herufi wakati wa kuchapishwa tu. Kinachotaja kitu bila ya kukihesabu kibaki herufi tangu mwanzo hadi mwisho. Na kila usomaji wa tarakimu zilizopigwa chapa na binadamu uwe na IOSTAT. Anayeitumia faharasa mara nyingi hana mswada wenyewe mbele yake. Huuamini ukurasa aliopewa. Nyota tatu humzindua mtayarishaji papo hapo, bali 12 iliyosomwa kuwa 120 hupita kimya hadi kwenye chapa ya mwisho.